Umeumia kazini na huna mkataba? Anza na kadi ya hospitali

Msimu wa korosho ukifunguliwa hapa Mtwara, simu yangu haipoi. Kuli kaangukiwa na gunia akipakia lori, mama wa kiwandani kaungua viganja kwa mafuta ya maganda ya korosho, fundi kabanwa kidole na mashine. Swali ni lile lile: "Wakili, mimi kibarua tu, sina mkataba. Nitadai nini?"

Unadai kama mwenzako wa kudumu. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura 263, haimtupi nje kibarua. Mlikubaliana kwa mdomo? Ni ajira. Ukizuka ubishi, mwajiri asiyeonyesha maandishi ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini. Wala huhitaji kuthibitisha kwamba tajiri alizembea. Kinachoulizwa ni kama uliumia kazini, kwa sababu ya kazi.

Na hapo ndipo madai mengi ya huku kwetu yanapofia. Majeruhi anafikishwa hospitali ya Ligula, nyapara kasimama pembeni. Daktari anauliza kilichotokea, nyapara anadakia: "Kateleza." Kwenye kadi inaandikwa "ameanguka", basi. Kaanguka wapi? Bafuni? Kwenye bodaboda? Miezi mitatu baadaye kadi hiyo ndiyo inayosomwa, wewe haupo kuielezea. Kwa hiyo sema mwenyewe, hata kwa maumivu: "Nimeangukiwa na gunia ghalani, saa nne asubuhi, nikipakia lori." Omba iandikwe hivyo, kisha piga picha kadi.

Piga picha pia ukurasa wa daftari la mahudhurio au la malipo wenye jina lako. Kwa kibarua, huo una thamani kuliko barua yoyote. Chukua namba za simu za wenzako walioona. Vibarua wa msimu hutawanyika: ukiwatafuta mwezi wa pili, huyu yuko Newala, yule karudi Nachingwea.

Halafu mjulishe mwajiri kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp si haba, mradi una tarehe. Yeye ana siku 7 za kuutaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Akikaa kimya, usimsubiri. Nenda mwenyewe WCF au Ofisi ya Kazi ya mkoa. Dai lisipite miezi 12 tangu ajali.

Mfuko unagharamia matibabu, na ukiwa nje ya kazi kwa muda unalipwa asilimia 70 ya mshahara, mwisho miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Mfanyakazi akifariki, kuna msaada wa mazishi na pensheni ya wategemezi. Michango ya Mfuko huo hutolewa na waajiri peke yao. Ukikatwa mshahara kwa jina la WCF, hoji, makato hayo si halali.

Kuna karatasi moja ninayoichukia. Tajiri anakuja wodini na bahasha, uso wa huruma, na mistari miwili iliyochapwa: "Nimepokea, sina dai lolote." Wengine si wabaya, wanaogopa tu kwa kuwa hawajajisajili WCF. Hilo ni kosa lao, si lako. Pokea hela ya dawa, mshukuru, lakini usitie sahihi wala dole gumba. Akisisitiza, andika "nimepokea kwa ajili ya dawa" na kiasi chake, uishie hapo.

Ukiachishwa kazi kwa sababu umeumia, huo ni mgogoro mwingine na mlango wake ni mwingine: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Una siku 30 tu za kuufungua, na zinahesabiwa tangu ulipoachishwa, si tangu ulipopona.