Beijing ilivyohamia gesi, na majiko yaliyobaki nyuma

Karatasi tunayopimia hewa ni nyeupe pe, ya duara, haifiki upana wa sentimita 5. Tunaipima uzito kwenye mizani ya maabara, tunaifunga kwenye pampu inayovuta hewa kwa saa 24, kisha tunaipima tena. Uzito ulioongezeka ndio uchafu ambao mtu wa mtaa ule alikuwa akiuvuta. Na rangi nayo inasema: pampu ikikaa kando ya barabara ya vumbi karatasi hutoka kahawia, ikikaa penye majiko ya mkaa hutoka nyeusi tii.

Tarehe 12 Januari 2013, kipimo cha ubalozi wa Marekani jijini Beijing kilisoma mikrogramu 886 za chembe laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa katika saa moja tu. Wakati huo Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa siku nzima usizidi 25. Chembe hizi, ambazo wataalamu huziita PM2.5, ni ndogo mno: unywele mmoja wa kichwani unazizidi unene mara 20 na zaidi. Pua haizizuii. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu na nyingine huvuka zikaingia kwenye damu, ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi, yanafika hadi kwenye moyo na kiharusi.

Chanzo kimoja kikubwa cha uchafu huo wa Beijing kilikuwa makaa ya mawe, na jiji likaamua kuhamia gesi asilia. Kabla ya kwenda mbali, tusichanganye majina. Makaa ya mawe huchimbwa, kama yale ya Ngaka kule Ruvuma. Mkaa wetu wa gunia ni mti. Gesi asilia nayo si ile ya mtungi. Ya mtungi ni propani na butani, huletwa kwa meli. Gesi asilia kwa sehemu kubwa ni methani, inatoka ardhini na kusafiri kwa bomba.

Makaa ya mawe yana majivu, salfa, hata zebaki. Yakiungua, salfa hugeuka gesi ya salfa dioksidi, na gesi hiyo ikishapanda hugeuka tena kuwa chembe laini. Kwa hiyo sehemu ya uchafu unaokudhuru haikutoka kwenye bomba la moshi ikiwa chembe. Imezaliwa hukohuko angani, pengine kilomita nyingi kutoka kiwandani. Methani haina majivu, na salfa iliyochanganyika nayo huondolewa kabla gesi haijaingia bombani.

China ilitangaza mpango wake wa kusafisha hewa Septemba 2013. Beijing ilikuwa na mitambo minne mikubwa ya kufua umeme kwa makaa ya mawe, ikaifunga mmoja baada ya mwingine na kujenga ya gesi mahali pake. Wa mwisho ulizimwa Machi 2017. Gesi yenyewe ilikuwa ikifika kwa bomba kutoka Shaanxi tangu 1997, baadaye hata kutoka Turkmenistan. Wastani wa mwaka wa chembe laini ulikuwa mikrogramu 89.5 mwaka 2013, ukawa 58 mwaka 2017 na 33 mwaka 2021. Sifa zote si za gesi: viwanda vilihamishwa na magari yakabanwa. Hata hivyo kushuka kwa kiasi hicho kwa miaka minane si jambo dogo.

Kwa maoni yangu, hiyo mitambo minne ilikuwa kazi nyepesi. Mtambo una bomba refu la moshi, una chujio, una mhandisi wa zamu. Kazi ngumu ilikuwa vijijini, pembezoni mwa jiji na katika jimbo jirani la Hebei, ambako kila nyumba ilikuwa na jiko lake la makaa ya mawe, na familia ikilala juu ya kitanda cha matofali kinachopashwa moto kwa chini. Bomba la moshi la nyumba hizo ni fupi, na chujio hakuna. Usiku wa baridi, hewa nzito hutulia chini kama maji bondeni na moshi hukosa pa kwenda. Tani moja ya makaa kwenye majiko hayo huchafua hewa mara nyingi zaidi ya tani hiyohiyo mtamboni.

Majira ya baridi ya 2017, zaidi ya nyumba milioni 3 kaskazini mwa China zilikuwa kwenye zoezi la kuachana na makaa. Majiko yaling'olewa, gesi haikutosha, na kwingine mabomba hayakuwa yamekamilika. Katika wilaya ya Quyang, jimboni Hebei, wanafunzi walitolewa nje wasomee juani kwa sababu darasani kulikuwa na baridi zaidi. Desemba mwaka huo wizara ya mazingira ililazimika kuelekeza kwamba pale ambapo kazi haijaisha, watu waachwe wawashe makaa yao. Hakuna hesabu ya hewa safi inayokubali mtoto agande darasani. Bomba lilipaswa kutangulia.

Gesi nayo si malaika. Moto wake hutoa oksidi za naitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu, na Beijing ilibidi ibadilishe vichomeo vya maboila ya gesi kwa ajili hiyo. Methani ikivuja bila kuungua, kilo kwa kilo huongeza joto la dunia zaidi ya kaboni dioksidi.

Dar es Salaam haina majiko ya makaa ya mawe. Gesi asilia ya kisiwa cha Songo Songo ilifika mwaka 2004 ikaenda kwenye umeme wa Ubungo na saruji ya Wazo, na bomba kutoka Mtwara likakamilika 2015. Nasi tulianza na wakubwa. Jikoni mkaa bado unatamba, na mkakati wa taifa unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kwa leo, jiko liwashiwe nje, na lisiingizwe chumbani usiku hata kama limekolea na halitoi moshi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayoua; haina rangi wala harufu, na karatasi yetu haiinasi.