Gitaa Likiuma, Pima Nyuzi Kabla ya Kumlaumu Mtoto

Wiki hii nimeletewa tena gitaa, hapa Moshi, na mzazi aliyeongozana na mwanawe. Vidole vya mtoto vina mistari myekundu, na maelezo ni yale yale: mwalimu amesema avumilie, vidole vitakomaa. Nikalishika gitaa, nikabana kodi (chord) ya F, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ikabidi nikaze mkono mpaka kwenye kiwiko. Mimi napiga kila siku. Mtoto wa darasa la tano atatoa wapi nguvu hizo?

Walimu wenzangu, tuelewane. Ncha za vidole zitauma wiki za mwanzo hata gitaa liwe zuri vipi, kisha ngozi inaota sugu na maumivu yanapungua. Hilo ni kweli. Lakini kiganja kukakamaa, kifundo cha mkono kuuma, kidole gumba kuwaka, au vidole kufa ganzi ni mambo mengine kabisa. Hayo hayakomazi chochote. Mwanafunzi aache, apumzike, na gitaa lichunguzwe. Kusema kwamba aanze na gitaa gumu ili baadaye jepesi lisimsumbue ni kumfundisha kubana kwa nguvu, na tabia hiyo ikishaingia mkononi inachukua muda mrefu kutoka. Wengine hawafiki hata huko, wanaacha.

Mahali pa kuchunguza kwanza ni nati, kile kipande cheupe ambapo nyuzi zinapita kuingia kwenye kichwa cha gitaa. Magitaa mengi ya bei nafuu yanatoka kiwandani mifereji ya nati ikiwa haijachimbwa vya kutosha. Anayeanza anashinda kwenye freti tatu za mwanzo, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, akibana kodi za C, G, D, Am. Hapo hapo ndipo nati iliyo juu inapomuumiza zaidi, kwa sababu uzi uko juu na umekaribia mahali uliposhikwa, hivyo haupindi kirahisi. Tena kuna ubaya wa pili ambao watu hawautaji: ukiubonyeza uzi ulioinuka hivyo unauvuta, na sauti inapanda. Mtoto ametyuni vizuri, nyuzi wazi ziko sawa, lakini C yake inalia vibaya. Anaambiwa hana sikio la muziki! Sikio lake ndilo linalosikia kasoro ambayo waliomzunguka wameshaizoea.

Jaribio halihitaji kifaa. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, kisha tazama nafasi kati ya uzi huo na chuma cha freti ya 1. Inatakiwa iwe nyembamba kiasi cha karatasi. Ukiona mwanga mpana, nati iko juu. Au funga kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwa pamoja, freti ya 1: gitaa likilainika ghafla, umeshapata jibu.

Kupima nyuzi ziko juu kiasi gani pale freti ya 12, tumia kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76. Kadi tatu zikipangwa pamoja zinakaribia milimita 2.3. Kwa nyuzi za chuma, uzi mnene ukiwa juu ya freti kwa milimita 2.5 hivi na mwembamba kwa 2, anayeanza ataishi vizuri. Kadi tano zikipita chini ya uzi mnene bila kugusa, usilinunue kabla fundi hajaliona. Nyuzi za nailoni zinahitaji nafasi kubwa kidogo, hadi milimita 4 upande mnene, kwa sababu zinapepea zaidi zikipigwa. Na fundi akumbuke hesabu: kushusha milimita 1 pale freti ya 12 kunadai kuondoa milimita 2 kwenye kipande cha juu ya daraja, pale nyuzi zinapofungiwa mwilini mwa gitaa. Nimeona madaraja yaliyosagwa mpaka yakaisha ilhali tatizo lilikuwa kwenye nati. Masika ikiingia upime tena; mbao zikinywa unyevu kifua cha gitaa kinavimba na nyuzi zinapanda.

Kama fundi yuko mbali, shusha nyuzi zote nusu toni, halafu funga kapo freti ya 1. Mkazo wa nyuzi unapungua kwa karibu asilimia 11, nati haihusiki tena, na unapiga kwa sauti ile ile ya wenzako. Badili pia nyuzi namba 12 uweke namba 10, ambazo ni nyembamba zaidi. Ila usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, zitang'oa daraja.

Ukubwa wa mwili wa gitaa ni rahisi zaidi kuuamua. Lile gitaa pana lililojaa madukani, dreadnought, lilianza kutengenezwa na Martin wa Marekani mwaka 1916 na likapewa jina la manowari ya Uingereza. Sifa yake ni sauti nene na kubwa. Mtoto au mtu mwenye mikono mifupi analikumbatia mpaka bega linapanda. Chagua lenye kiuno chembamba.

Kuhusu nailoni au chuma, mimi mwenyewe nasitasita. Nailoni ni laini kwa ngozi, lakini shingo yake ina upana wa milimita 52 pale kwenye nati, wakati ya chuma huwa 43 au 44. Vidole vifupi vinahangaika. Vitabu vinapenda kumpa kila mtoto nailoni; mimi nampa azishike zote mbili, nimtazame kidole gumba. Na kama kanisani kuna gitaa la solo la umeme lisilotumika katikati ya wiki, aanzie hapo bila aibu. Nyuzi zake ni nyembamba na ziko chini. Hakuna sheria ya kuanza na gitaa kavu, lisilo la umeme.

Mwisho ni kiti. Kile cha plastiki chenye mikono, kilichojaa sebuleni kwetu kuanzia Pasua hapa Moshi hadi Sakina kule Arusha, kinalisukuma gitaa mbele na kumpindisha mtoto mgongo. Mkalishe kwenye stuli au benchi, mapaja yawe sambamba na sakafu, na mfungie mkanda hata akiwa amekaa, ili mkono wa kushoto usibebe shingo ya gitaa.