Je, Wajua? Kwa Nini Ebola Hutangazwa Imekwisha Baada ya Siku 42

Tarehe 30 Novemba 2022, mgonjwa wa mwisho wa Ebola nchini Uganda aliruhusiwa kurudi nyumbani. Hata hivyo, ilibidi kusubiri hadi 11 Januari 2023 ndipo itangazwe kwamba mlipuko umekwisha. Ukizihesabu siku hizo, ni 42 kamili. Kwa nini 42, na si kumi au mwezi mmoja?

Jibu limo kwenye kirusi chenyewe. Mtu akiambukizwa Ebola, dalili huanza kujitokeza kati ya siku ya 2 na ya 21. Ndiyo maana kila aliyemuuguza mgonjwa, aliyemgusa au aliyeosha maiti huandikwa kwenye orodha na kufuatiliwa kila siku kwa siku 21. Kama orodha ingekuwa kamili, siku hizo zingetosha. Lakini lini orodha ya namna hiyo ikawa kamili? Kuna aliyekimbilia kwa ndugu wilaya nyingine, kuna aliyetoa jina la uongo, kuna marehemu aliyezikwa usiku kimyakimya. Kwa ajili ya hao, Shirika la Afya Duniani huongeza siku 21 nyingine. Hesabu huanza mgonjwa wa mwisho anapopimwa mara mbili, vipimo vikipishana kwa angalau saa 48, na vyote visioneshe kirusi. Au siku anapozikwa. Akipatikana mgonjwa mpya siku ya 40, mnaanza upya.

Beni, mashariki mwa Kongo, yaliwakuta hayo. Mgonjwa wa mwisho alitoka kituo cha matibabu Machi 3, 2020, na mwisho wa mlipuko ulikuwa utangazwe Aprili 12. Aprili 10, zikiwa zimepita siku 52 bila mgonjwa mpya, vipimo vikaonesha kwamba kijana wa miaka 26 alikuwa na Ebola. Zilikuwa zimebaki siku mbili tu! Tangazo likaahirishwa, na halikutoka hadi Juni 25. Mlipuko huo, ulioanza Agosti 2018, uliua watu 2,287.

Je, ina maana wananchi wafungiwe ndani siku zote 42? Hapana, na hapo ndipo wengi huchanganya mambo. Wilaya za Mubende na Kassanda, kitovu cha mlipuko wa Uganda, zilifungwa Oktoba 15, 2022: hakuna kuingia wala kutoka isipokuwa magari ya mizigo, usiku hakuna kutembea, baa na nyumba za ibada zikafungwa. Masharti hayo yaliondolewa Desemba 17, hesabu ya siku 42 ikiwa bado haijafika hata nusu.

Kufunga wilaya hununua muda tu, ili wafuatiliaji wawahi kuwapata waliokutana na wagonjwa kabla hawajasambaa. Uganda iliuhitaji sana muda huo, kwa sababu aina ya Ebola iliyokuwapo, ile ya Sudan, haikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Kwa hiyo, kabla ya kulegeza masharti, mimi ningeuliza hivi kwanza: wagonjwa wapya walikuwa tayari kwenye orodha, au wameibuka tu? Wagonjwa watano ambao wote walikuwa wakifuatiliwa wananipa matumaini kuliko mmoja ambaye hakuna anayejua kaupatia wapi. Idadi pekee inaweza kuwapumbaza viongozi, hasa wafanyabiashara wanapolalamika, tena kwa haki.

Hata baada ya tangazo, ufuatiliaji mkali huendelea kwa siku 90. Liberia ilijifunza kwa machungu: kati ya Mei 2015 na Juni 2016 ilitangaza mwisho wa Ebola mara nne. Sababu mojawapo ni kwamba kirusi kinaweza kujificha miezi mingi kwenye shahawa za mwanamume aliyepona, ingawa yeye mwenyewe ni mzima na anaendelea na kazi zake. Kwa hiyo wanaume waliopona hushauriwa kutumia kondomu na kupimwa shahawa mara kwa mara hadi majibu yawe safi mara mbili. Na miezi hiyo si kikomo. Ebola ilipoibuka Guinea mwaka 2021, uchunguzi wa vinasaba ulionesha kwamba kirusi kilikuwa karibu sawa na kile cha mlipuko wa 2014 hadi 2016, dalili kwamba kilitokea kwa mtu aliyepona miaka kama mitano nyuma.