Kwa nini walinzi wa nyuklia hufundishwa kwenye kituo ambacho hakipo?

Tangu 1978, wahandisi, polisi na wakaguzi kutoka nchi mbalimbali wamekuwa wakipokelewa na maabara za Sandia, Albuquerque, Marekani, kujifunza kulinda mitambo ya nyuklia. Kozi hiyo huandaliwa pamoja na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA). Ajabu ni kwamba kituo wanachopewa kukilinda ni cha kubuni, ingawa kina ramani, milango na idadi ya walinzi.

Sababu ni usiri. Kila nchi inabeba yenyewe jukumu la kulinda nyuklia yake, na hakuna mshiriki anayeruhusiwa kumweleza mgeni king'ora cha kwao kimefungwa wapi. Kwenye kituo cha kubuni wote wanaweza kusema wazi, na hata kubishana.

Wanachobishania zaidi ni dakika. Tuseme mwizi anahitaji dakika 8 kutoka kwenye uzio hadi kwenye ghala la urani, na askari wanahitaji 5 kumfikia. Akigunduliwa kwenye uzio, atakamatwa. Akigunduliwa zikiwa zimebaki dakika 3, hata kikosi kiwe hodari vipi, kimeshachelewa. Ukuta mnene hausaidii kitu kama hakuna aliyejua kwamba mtu ameanza kuuvunja.

Na kugundua hakuishii kwenye king'ora kulia. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2012, wanaharakati watatu wa amani, mmoja wao Sista Megan Rice aliyekuwa na umri wa miaka 82, walikata nyua za Y-12, kiwanda cha silaha za nyuklia cha Marekani huko Oak Ridge, Tennessee, wakafika kwenye jengo lenye urani iliyorutubishwa sana, yaani inayoweza kutengenezea bomu. Ving'ora vililia, lakini walinzi walishazoea vile vya uongo. Kamera muhimu ilikuwa mbovu kwa miezi. Walinzi waliokuwa ndani walisikia nyundo zikigonga ukuta, wakadhani ni mafundi wa matengenezo. Ninaona hili ndilo somo zito kuliko yote: vifaa vilikuwepo, ila mazoea yalikuwa yameviziba mdomo.

Ndiyo maana mafunzo hayakomei kwenye karatasi. Oktoba 2023 IAEA ilifungua kituo chake cha mafunzo Seibersdorf, karibu na Vienna, ambako washiriki hujizoeza kwa vifaa halisi vya ulinzi, zikiwemo kamera na vitambuzi vya mionzi.