Maziwa hayakati sumu ya dawa ya nyanya

Kwenye mashamba ya nyanya, kama kule Ngarenanyuki, Arumeru, kuna imani ya siku nyingi: ukimaliza kupuliza dawa, kunywa maziwa, yanakata sumu. Hayakati. Maziwa yanaishia tumboni, ilhali sumu nyingi ya mpulizaji inaingilia kwenye ngozi. Litazame bomba la mgongoni linalovuja: shati linalowa hadi kiunoni, linakaukia mwilini, na kesho linavaliwa tena bila kufuliwa.

Dawa za jamii ya oganofosfeti, kama profenofosi, huzuia kimeng'enya kinachozituliza neva zikishapeleka ujumbe. Ndipo jasho na mate vinamtoka mtu ovyo, mboni za macho zinasinyaa, kifua kinabana. Hospitalini hutibiwa kwa atropini. (Tajiri anayegawa maziwa badala ya glavu na ovaroli, kwa maoni yangu, anabana matumizi tu.)

Dawa ikikumwagikia, vua nguo palepale, uoge kwa maji mengi na sabuni. Ukiona dalili hizo, wahi hospitali, na chupa ya dawa uende nayo ili daktari asome lebo.