Folda ya kushea haichelewi kwa sababu ya intaneti, jamani

Leo tena. Nimeitwa uhasibu saa nne asubuhi, dada anasema faili la malipo amelisevu kitambo, mwenzake wa meza ya jirani bado anaona tarakimu za jana, na bosi wao ameshaagiza iulizwe bei ya kuongeza spidi maana "intaneti iko slow". Hii ni mara ya tatu mwezi huu, sasa naandika ili siku nyingine nitume linki.

Seva iko chumba cha pili. Kebo inatoka kwenye mashine yako, inaingia kwenye swichi (kile kiboksi kinachounganisha kebo za mtandao), inaingia kwenye seva, basi, faili halitoki hata nje ya jengo. Nilipiga ping (amri ya kupima jibu la seva linachukua muda gani kurudi) mbele yao, jibu likarudi chini ya milisekunde 1. Hiyo spidi mnayotaka kununua ni ya barabara ambayo faili lenu halipiti kabisa.

Kinachotokea mara nyingi ni kwamba mashine yako inakumbuka. Ukifungua folda, Windows inaiuliza seva kuna nini humo, ikijibiwa inalitunza jibu kwenye kashe, yaani kumbukumbu yake ya muda, na kwa kawaida kwa sekunde 10 ukiuliza tena unajibiwa kutoka kwenye kumbukumbu, seva haijaguswa. Taarifa za faili, yaani ukubwa na tarehe, nazo sekunde 10. Halafu kuna ya tatu, na hii ndo inaumiza watu: ukilitafuta faili ukaambiwa halipo, mashine inakumbuka pia kwamba HALIPO, kwa sekunde 5. Sasa chukua programu inayosubiri faili kutoka mashine nyingine, inauliza, halipo, faili linatua nusu sekunde baadaye, inauliza tena inajibiwa halipo, inakata tamaa na kuandika eror, na wewe umesimama pale faili unaliona kwa macho yako. Nimeshaamua ugomvi wa developa na mtu wa seva juu ya hili na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Dawa iko kwenye rejista (Registry, pale Windows inapotunza mipangilio yake), chini ya LanmanWorkstation, Parameters: DirectoryCacheLifetime, FileInfoCacheLifetime, FileNotFoundCacheLifetime, ukiweka 0 kashe hiyo inazimika. Na ni kwenye mashine INAYOSOMA, sio kwenye seva, watu wanahangaika kubadili kwenye seva halafu wanasema haijasaidia. Ila mimi siwashauri kuweka 0 ofisi nzima. Folda yenye maelfu ya faili itakuwa nzito kufungua kwa sababu kila kitu kinaulizwa upya, na nimeshawahi kuweka 0, malalamiko ya kuchelewa yakaisha, yakaja ya uzito, nikarudisha. Naiweka pale tu programu inaposubiri faili. Kwa binadamu, kubonyeza F5 ili folda ijisome upya na subira ya sekunde kumi inatosha.

Kitu ninachoomba watu wafanye na hawafanyi ni kuangalia saa. Jamani, pimeni! Muda wenyewe unakuambia ugonjwa. Sekunde 5 au 10, hiyo ni kashe niliyoeleza. Kama mashine ni Linux na folda ni ya NFS (njia ya kushea folda inayotumika sana kwenye Linux), kashe yake inaweza kufika sekunde 60, usishangae dakika nzima. Ukubwa unasoma 0 wakati faili linaendelea kuandikwa, subiri programu inayoandika ilifunge, ndo ukubwa wa kweli utaonekana. Ikiwa ni masaa au siku, angalia Offline Files kwenye hiyo laptop, maana yawezekana mtu anafanyia kazi nakala iliyoko kwenye diski yake mwenyewe na seva haijui lolote.

Leo nilitoa simu, nikafungua stopwochi, nikamwambia dada atengeneze faili dogo la Notepad kwenye folda ileile. Kwa mwenzake likatokea sekunde ya nne. Kwa hiyo folda ni nzima, kashe nayo ni nzima, na lile faili la malipo lina zaidi ya nusu saa tangu lisevuwe. Haiwezi kuwa kashe ya sekunde 10. Nikaangalia chini kwenye skrini ya mwenzake, Excel iko wazi tangu amefika kazini, faili la malipo ndani yake, juu limeandikwa Read-Only, yaani la kusoma tu. Excel ikishafungua faili hivyo inalipakia kwenye memori na kukuonyesha lilivyokuwa wakati ule, hata mwenzako asevu mara mia huko kwenye seva, dirisha lako halibadiliki, na hakuna rejista wala swichi wala spidi itakayoligusa.

Nikamwambia alifunge, alifungue upya. Tarakimu mpya zikaja palepale, na dada akaniuliza kama bado waendelee kuulizia ile bei. Nikamwambia hapana, mpigie bosi sasa hivi kabla hajasaini.