Anapokuambia Kwamba Amebakwa

Mtu aliyebakwa mara nyingi haanzi kusimulia kituo cha polisi. Huanzia kwa shoga yake, kwa dada yake au kwa jirani wa chumba cha pili katika nyumba ya kupanga, na pengine huanzia mbali, huku akichambua mchele, kwa kusema tu kwamba hataki tena kupita njia ile usiku. Hapo anakupima. Wanaume na wavulana waliolawitiwa nao hupima vivyo hivyo, tena kwa muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo swali kama "Ulifuata nini huko usiku?" au "Mbona hukupiga kelele?", hata likikutoka kwa mshtuko, humfikia kama hukumu. Mwili uliozidiwa na hofu huweza kuganda, sauti ikakatika na viungo vikakataa kutii. Kunyamaza huko si kukubali. Mpe pole, mwambie unamwamini, kisha mwache azungumze kwa mwendo wake. Maelezo ya kina ataulizwa na daktari na polisi, hivyo hakuna haja ya kumrudisha huko wewe.

Lisilosubiri ni hospitali. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72 tangu tukio, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Za kuzuia mimba hutumika ndani ya saa 120. Kama hajaoga, asioge kwanza. Kanga na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hufuga unyevu unaoharibu ushahidi. Kama ameshaoga, aende vilevile. Hospitali ya Amana, Ilala, jijini Dar es Salaam, ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako huduma za afya, polisi na ustawi wa jamii hupatikana pamoja. Fomu ya PF3, ambayo daktari huandika humo alichokikuta kwenye uchunguzi, hutolewa na polisi, ambako pia kuna Dawati la Jinsia na Watoto, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri.

Mtu mzima huamua mwenyewe kama atashtaki. Usimpigie mjomba simu bila idhini yake, maana vikao vya ukoo, kwa tunavyoviona, huishia kwenye "tuyamalize nyumbani". Kwa mtoto ni tofauti: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka utoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na simu namba 116 huzipokea bure.

Siku ya kwenda hospitali, mwulize kama angependa umsindikize. Foleni huwa ndefu, na huenda akahitaji mtu wa kumshikia mkoba atakapoitwa ndani.